Shamba Limesimama

Mwezi wa nane, siku ya tano.

Nimefika Ihara, mkoa wa Tanba, baada ya siku mbili za njia mbaya. Jina langu naliandika mwanzoni, kama nilivyofundishwa, ili atakayesoma asibahatishe: mimi ni Hirotari, wa Idara ya Miungu, umri wangu miaka sitini.

Mfalme amekalia kiti mwaka huu. Kabla baridi haijakolea atakula mpunga mpya pamoja na miungu, mara moja tu katika utawala wake wote, na mpunga huo hautoki popote tu. Mwezi wa nne gamba la kobe liliunguzwa mbele ya macho yangu, likapasuka, na ufa ukaionyesha wilaya hii. Kazi yangu ni kuulinda mpunga mpaka unyofolewe, kisha kutembea mbele yake hadi mji mkuu, niingie nao katika lango kubwa la kusini. Taratibu za safari hiyo nimeziandika kwa wafalme watatu. Sijaitembea hata hatua moja.

Shamba ni dogo. Limezungushiwa kamba ya mabua, na kila pembe imesimikwa tawi la majani mabichi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya heshima ya kusema nitakapolifikia. Sikuyasema. Nilijikuta nimeinama hadi kipaji cha uso kikagusa tope la tuta.

Shamba limesimama.

Siku ya sita.

Leo nimewapanga watu. Mkuu wa wilaya ni Toshimaro, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Bintiye, Nunome, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye aliyechaguliwa na gamba awe mnyofoaji: kabla kidole chake hakijagusa suke la kwanza, hakuna mkono mwingine utakaogusa masuke ya mpunga huu. Analala katika kibanda ndani ya kamba, katika ua mtakatifu. Wanakijiji wote wana sehemu yao, wa kutwanga, wa kubeba, wa kukata kuni, na wote wanakula chakula cha moto mmoja, moto wa ua.

Niliwasomea masharti. Aliyefikwa na kifo nyumbani ana najisi siku thelathini. Akiingia uani, mpunga wote umekufa, na hakuna muda wa kuunguza gamba jingine. Ndani ya ua kuna maneno yasiyotamkwa. Ugonjwa husemwa "kupumzika." Kulia husemwa "kudondosha chumvi." Damu husemwa "jasho." Kufa husemwa "kupona."

Baada ya muda mfupi mpiga ramli wetu, Kiyohito, alijikata kwa kisu.

"Mzee Hirotari! Natoka jasho kidoleni!"

"Basi jifute, na usipige kelele."

"Ni jasho jingi, Mzee. Nitapona!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Kiyohito ana miaka arobaini na akili ya kijana wa kumi na tano. Sala ya kunyofoa huisoma kama anauza samaki.

Siku ya saba.

Mvua. Shamba limesimama.

Siku ya tisa.

Bibi kizee mmoja alikuja akaegemea kamba takatifu kana kwamba ni ua wa kuku wake. Ni Mayame, mama yake Toshimaro.

"Wewe ndiye uliyetumwa kuulinda mpunga?"

"Ndiye mimi, Bibi. Naomba usiegemee kamba."

"Na nani katumwa kukulinda wewe? Miguu yenyewe vijiti."

Alinipita kwa macho na kupaza sauti kuelekea kibandani: "Mke mwenzangu wee! Wanakulisha huko?"

"Wananilisha, Bibi!" Nunome alijibu. "Lakini huyu mzee kaniambia natafuna kwa sauti!"

"Tafuna! Mjini hawatafuni, ndiyo maana wamekauka."

Nilimwambia kwamba ua huu si mahali pa utani. "Bwana mkubwa," akasema, "mimi nimelala ndani ya kamba hii kabla wewe hujajua kushika kalamu." Akaondoka. Hana adabu.

Siku ya kumi.

Sikupata usingizi kwa sababu ya maneno yale. Nimefungua nakala ya kumbukumbu niliyokuja nayo. Ni kweli: miaka hamsini na sita iliyopita gamba liliionyesha wilaya hii hii. Kumbukumbu inasema: "Mnyofoaji: binti wa mkuu wa wilaya. Hakuna lililotokea." Basi binti huyo ni yeye. Jina halikuandikwa. Mstari huu nimewasomesha wanafunzi wangu kwa miaka mingi, kama mfano wa kumbukumbu isiyo na neno la ziada.

Siku ya kumi na nne.

Mbwa amepona chini ya ghala. Kiyohito ndiye aliyemwona.

"Ulikaa humo ndani?"

"Sikukaa, Mzee. Nilisimama tu nikachungulia."

"Hata kuchuchumaa?"

"Kwa harufu ile? Mzee, nani angechuchumaa?"

Basi hana najisi. Sharti ni wazi: najisi humshika aliyeketi mahali pa kifo. Aliyesimama anapita kama upepo. Ghala limefungwa siku tano, kama inavyotakiwa kwa mnyama. Shamba limesimama.

Siku ya kumi na tisa.

Jua. Masuke yameanza kuinama. Nimeyatazama tangu asubuhi hadi wakati wa kula na sikufanya kazi nyingine.

Siku ya ishirini na mbili.

Mayame huja kila siku. Leo nilimkuta nje ya kamba akimfundisha mjukuu kwa bua la nyasi.

"Si hivyo! Unavuta kama unang'oa jino la ng'ombe. Kidole gumba kitoke chini, polepole, kisha geuza. Likitoa sauti, umelivunja. Suke linatakiwa litoke lenyewe, kama limeitwa."

Nunome alijaribu mara arobaini. Nami nilichuma bua, nikaenda nyuma ya ghala, nikajaribu. Lilitoa sauti kila mara. Vitabu vyote nilivyosoma havisemi neno hata moja juu ya kidole gumba.

Siku ya ishirini na tano.

Nilimwuliza Mayame kuhusu mwaka wake. Nilimwita Bibi Mayame, na nilimwomba anisimulie, maana kumbukumbu yetu ni fupi.

"Inasemaje?"

"Inasema hakuna lililotokea."

Alicheka, ila si cheko lake la kawaida. "Mama yangu alipona nyuma ya kile kitalu cha mforosadi. Walimtoa nyumbani ili nyumba isipate najisi. Mimi nilikuwa ndani ya kamba. Nilimsikia akiniita tangu asubuhi. Bwana mmoja wa mjini, mrefu kama wewe, aliniambia ni ndege. Mpunga ulipoondoka ndipo waliniambia ukweli. Nilikuwa na miaka kumi. Ndege gani anamwita mtu kwa jina lake?"

Bwana yule mrefu alikuwa mwalimu wa mwalimu wangu.

Mwezi wa tisa, siku ya pili.

Gamba limetupatia siku ya kunyofoa: siku ya ishirini. Mvua. Shamba limesimama.

Siku ya tano.

Mvua. Shamba limesimama.

Siku ya nane.

Mvua. Mto umepanda. Nikimsikiliza Kiyohito akikariri sala, natamani niwe kiziwi.

Siku ya kumi na mbili.

Upepo ulitufikia asubuhi kutoka kusini. Niliona paa la jiko la ua likiondoka zima, kama kofia. Kisha nikaona shamba likilala. Mpunga haukuvunjika, ulilala upande mmoja, kama watu waliopiga magoti, na maji yalikuwa yakipanda kuelekea kwenye masuke. Suke likilowa ndani ya maji siku mbili, linachipua, na mpunga uliochipua haufai kwa miungu.

Toshimaro alikimbia huku na huko. Kiyohito alisoma sala, nami nikamwambia anyamaze. Sikujua la kufanya. Nasema kweli: mimi, niliyeandika taratibu za wafalme watatu, nilisimama kwenye tuta nikiwa nimeshika mwavuli uliobaki mti tu.

Ndipo Mayame akatokea bila mwavuli wala kofia ya mabua.

"Mnangoja nini? Mashina manne manne! Yasimamisheni, myafunge kiunoni kama nywele za msichana! Msiguse masuke! Nyie wa kulia, mmezaliwa bila mikono?"

"Mama, rudi ndani!" Toshimaro alipaza sauti.

"Nirudi, halafu nani atakuonyesha? Mwaka wangu upepo ulikuja hivi hivi. Funga!"

Hakuvuka kamba. Alisimama nje yake kutwa nzima, mvua ikimpiga usoni, akiwaamrisha watu sitini kwa sauti tu. Jua liliposhuka, mpunga wote ulikuwa umesimama katika mafungu madogo ya mashina manne manne, na maji yakipita kati ya miguu yao. Sijaona kitu kama hicho katika kasri lolote. Nilitaka kumwinamia. Nilipogeuka, alikuwa amekwisha kwenda zake, akikohoa.

Shamba limesimama.

Siku ya kumi na tatu.

Jua kidogo. Mayame hakuja.

Siku ya kumi na nne.

Hakuja. Toshimaro anasema mama yake anapumzika. Nilimwuliza kama anapumzika sana. Alisema sana.

Siku ya kumi na sita.

Toshimaro alinijia akiwa amesimama mbali, kana kwamba tayari ana najisi.

"Mzee, akipona nyumbani kwangu, mimi na nyumba yangu tumekwisha. Mimi ndiye wa kuongoza kazi. Kamwambia mtumishi ajenge banda kule penye mforosadi, anataka kubebwa leo hii. Nimemkatalia. Kanipiga kwa mto wa mbao anaolalia."

"Ni pale pale alipowekwa mama yake?"

"Pale pale."

Kwa sharti, mama yule yuko sahihi. Nilimwambia hivyo. Ng'ambo ya mto anaishi mwanamke ambaye kazi yake ni kukaa na watu wanaokaribia kupona. Hana sehemu katika mpunga wetu, naye angeweza kumshika hadi mwisho. Mto umefurika. Haufai kuvukwa.

Siku ya kumi na saba.

Wamembeba. Banda halina kuta: nguzo nne, paa la mabua, mkeka. Wameacha maji karibu na mkono wake na kuondoka.

Jambo hili hatukumwambia Nunome. Kiyohito alipendekeza tumwambie ni ndege akisikia sauti. Hakujua alichokisema. Nilimkemea hadi akarudi nyuma hatua tatu, kisha nikaenda mwenyewe kibandani na kumwambia mtoto kila kitu.

Hakudondosha chumvi. Aliuliza: "Mzee, sharti linasemaje?"

"Aliyeketi naye ana najisi. Aliyesimama hana."

"Basi nitasimama."

Siku ya kumi na nane.

Alisimama tangu jua lilipochomoza hadi lilipozama, hatua moja kutoka kwenye mkeka. Nilisimama nyuma yake kuhakikisha. Nusu ya siku ilinyesha.

"Nani hapo?" Mayame aliuliza. Macho yake hayaoni vizuri tena.

"Mimi, Bibi."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Vizuri. Magoti usiyaamini. Magoti ni wanafiki." Akakohoa muda mrefu. "Na yule fito nyuma yako ni nani?"

"Ni Mzee Hirotari."

"Kamwambie akamatie nguzo, asije akaanguka hapa tukapata najisi ya bure."

Walizungumza mambo madogo. Kuku aliyeacha kutaga. Jirani aliyeazima kinu akakirudisha na ufa. Kila mara Mayame alirudi kwenye kidole gumba. "Kitoke wapi?" "Chini, Bibi." "Kisha?" "Kisha nageuza." Mchana miguu ya mtoto ilianza kutetemeka, nami nikampa fimbo yangu. Hakuipokea. Alisema mpunga nao haukupewa fimbo. Ulifungwa tu pamoja na wenzake. Basi nilisogea nikasimama ubavuni mwake, bega langu likagusa lake, na Kiyohito, ambaye sikumwita, akaja akasimama upande wa pili. Tulikuwa hivyo hadi jioni. Mpiga ramli hakusema mzaha hata mmoja.

Siku ya kumi na tisa.

Niseme kwa mpangilio.

Tulifika alfajiri, tukasimama kama jana. Toshimaro alikuja pia. Mayame alikuwa amelala chali, na kohozi lilikuwa limemjaa; kila pumzi ilikuwa kama maji katika mtungi mwembamba. Jua lilipokuwa juu alisema kwa sauti ya chini sana:

"Niinueni kichwa."

Hakuna aliyesogea. Kumwinua mtu kichwa na kumshika hivyo, lazima ukae, umpakate. Toshimaro alikunja ngumi akatazama mto. Kiyohito ndiye wa kusoma sala kesho. Kila mmoja aliyesimama pale alikuwa na sehemu yake katika mpunga, na kila mmoja alikuwa akiihesabu.

"Toshimaro. Kichwa. Nazama."

Nilihisi bega la Nunome likishuka. Nilitazama chini nikaona magoti yake yakikunjika, taratibu, kama mpunga siku ya upepo. Na uso wake haukuwa na shaka. Alikuwa akijua anachokifanya: mpunga wa mfalme, jina la baba yake, kijiji kizima, vyote alikuwa akiviweka chini.

Nilikaa mimi.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka baridi ya mkeka, na uzito wa kichwa kile. Ni mdogo kuliko ulivyoonekana. Nilisema, "Simama, mtoto. Nimekaa mimi." Magoti yake yakanyooka.

Mayame alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kupita vizuri. Alipapasa goti langu.

"Huyu nani?"

"Hirotari, Bibi."

"Fito. Bwana mkubwa, utaikosa safari yako."

"Najua."

"Mapaja yenyewe mifupa mitupu. Heri mto wa mbao."

Hata Toshimaro alicheka, na chumvi ilikuwa ikimdondoka. Kisha Mayame aligeuza uso kuelekea aliposimama mjukuu wake.

"Mke mwenzangu. Unaniona?"

"Nakuona, Bibi."

"Mimi mama yangu sikumwona. Wewe unaniona. Basi. Kidole gumba?"

"Kutoka chini."

Hakuuliza tena. Niliendelea kumshika kwa muda baada ya pumzi kwisha, kwa sababu sikuwa na uhakika, na kwa sababu sikutaka kuwa na uhakika. Mwisho nilisema lile neno, maana kusema ilikuwa kazi yangu:

"Amepona."

Nilimwamuru Kiyohito awaondoe wote kwa miguu yao, mtu asiiname, asiguse. Nunome aliinamisha kichwa tu, akiwa wima. Kisha akatembea kuelekea uani, na hakuyumba.

Siku ya ishirini.

Kutoka bandani naliona shamba lote. Ni umbali wa kutupa jiwe hivi. Pamoja nami yuko Mayame, amefunikwa nguo yangu ya sherehe, ile niliyoishona kwa ajili ya lango la kusini. Sina matumizi nayo tena.

Asubuhi haikuwa na upepo. Kiyohito alisoma sala. Nilitega masikio nikingoja makosa. Aliisoma polepole, kila neno mahali pake, na sauti yake ilitetemeka mahali pamoja tu, ambapo hata yangu ingetetemeka.

Nunome aliingia shambani peke yake, amevaa nyeupe. Watu mia moja na zaidi walikuwa wakimtazama, na sikusikia hata kikohozi. Alilifikia fungu la kwanza. Mkono wake ulishuka chini zaidi ya nilivyotarajia, ukapanda taratibu. Kisha suke lilikuwa mkononi mwake, na bua lake lilikuwa bado limesimama, halikutikisika hata kidogo.

Sikusikia sauti yoyote. Nilimwambia Mayame hivyo.

Siku ya ishirini na moja.

Mto umeshuka kidogo. Mwanamke wa ng'ambo amevuka, tumemzika Mayame sisi wawili. Kwa vidole hivi vya kalamu, nimechimba.

Siku ya ishirini na sita.

Msafara umeondoka leo. Kabla ya kuondoka Kiyohito alikuja, akasimama mbali kwa hatua kumi.

"Mzee, Idarani niseme nini?"

Karatasi yangu isingeweza kwenda na mpunga, basi nilimtajia maneno naye akaandika akiwa wima, karatasi ikiwa juu ya mgongo wa mkuu wa wilaya. Toshimaro alilalamika kwamba kalamu inamtekenya. Nilimwambia Kiyohito aandike hivi:

"Mnyofoaji: Nunome, binti wa Toshimaro. Mnyofoaji wa kabla yake, miaka hamsini na sita iliyopita: Mayame. Katika mwaka wa Mayame, mama yake alikufa nyuma ya mforosadi akimwita, naye akaambiwa ni ndege. Mwaka huu upepo uliangusha shamba, Mayame akalisimamisha, akaugua kwa ajili hiyo, akafa siku ya kumi na tisa. Mjukuu wake alisimama mbele yake hadi mwisho. Mpunga ni safi. Aliyeketi ni Hirotari."

Kalamu ya Kiyohito ilisimama. "Mzee, umetamka lile neno. Mara mbili."

"Niko nje ya kamba. Liandike."

"Watasema kumbukumbu ni ndefu."

"Ni ndefu. Iandike yote."

Mpunga ulipita njia ya juu, ndani ya vikapu vilivyofunikwa kitambaa cheupe, na Nunome alikuwa mbele, pale ambapo ningekuwa mimi. Mwenye kuuongoza haruhusiwi kugeuza kichwa. Hakugeuza. Lakini alipofika mkabala na mforosadi alisimama, msafara mzima ukasimama nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Alisimama kitambo. Kisha akaendelea.

Niliwatazama hadi kitambaa cheupe kikawa nukta, na nukta ikawa ukungu.

Mwezi wa kumi, siku ya kwanza.

Jua. Shamba ni mabua matupu, yaliyofungwa manne manne kiunoni. Hakuna aliyeyafungua.

Yamesimama. Mimi nimekaa.